Fundi anataka kupiga Windows upya: nitoe nini kwanza kwenye kompyuta?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari ndogo karibu na shule ya sekondari. Natumia HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imeshatumika: i5, RAM GB 4, diski ya GB 500. Siku hizi inachukua kama dakika saba kuwaka, na kila mara inaniandikia kuwa Windows 10 haihudumiwi tena. Fundi wangu anasema dawa ni kupiga Windows 11 upya. Atafuta upande wa C, ila vilivyoko D havitaguswa, kwa hiyo nihamishie kila kitu D kisha nimwachie mashine siku mbili. Humo kuna daftari la madeni la Excel, kadi za harusi za wateja, na picha za msiba wa baba ambazo sina pengine popote. Nina flashi moja tu ya GB 16. Nimwamini? Na niandae nini?"

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na baba. Nianze na jibu fupi maana naona fundi anakusubiri: usimwachie mashine kwanza, na usihamishie kitu D ukadhani umekihifadhi. Fundi wako huenda anaijua kazi yake vizuri kabisa. Ila hiyo habari ya "D haiguswi" imeliza watu wengi, na wengi wao walikuwa na mafundi wazuri tu.

Herufi C na D ni majina ambayo Windows inayapachika ikishawaka. Hayamaanishi kuwa ndani ya mashine kuna diski mbili. Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, chagua "Disk Management", utazame nusu ya chini ya dirisha. Kila mstari pale ni diski moja. Kama C na D zimekaa kwenye mstari mmoja ulioandikwa Disk 0, hiyo ni nyumba moja iliyopigwa ukuta katikati: sebule huku, chumba kule, bati ni lile lile. Bati likiezuliwa na upepo, hakuna chumba kitakachobaki kikavu.

Kuna hatari nyingine ambayo mtu haijui mpaka aione. Fundi akiwasha mashine kwa flashi ya kusakinisha, atafika kwenye skrini inayouliza Windows iwekwe wapi. Kwenye skrini ile herufi C na D huwa hazionekani. Kuna orodha tu: Partition 1, Partition 2, Partition 3, na ukubwa wa kila moja. Diski ya GB 500 yenyewe husomeka kama 465, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Aliyekuuzia kama aliigawa katikati, pale utakuta sehemu mbili za 232 hivi, zimefanana kama mapacha. Ipi ni C? Mimi nimewahi kukaa mbele ya mapacha hao saa nne usiku, kompyuta si yangu, nikabahatisha. Nilikosea. Tangu siku ile sigusi kitufe cha kufuta kabla sijaifungua nakala kwa macho yangu mwenyewe kwenye kompyuta nyingine.

Mtu atakwambia vilivyofutwa hurudishwa. Wakati mwingine ni kweli. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, kufuta ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini kusakinisha Windows ni huko huko kuandika juu yake, tena gigabaiti nyingi kwa mpigo. Na kwenye diski za kisasa za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, mfumo huiarifu diski kwamba eneo fulani halihitajiki tena, nayo hujisafisha yenyewe. Huko kurudisha ni bahati nasibu.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe, maana sina hakika kwamba fundi kaupima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, kisha washa programu unazotumia kila siku. Tazama safu ya Disk. Ikikaa 100% dakika nzima wakati prosesa, yaani ubongo wa mashine (safu ya CPU), iko 15% au 20%, tatizo lako ni diski inayozunguka pamoja na RAM ndogo, ile kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi. RAM ya GB 4 ikijaa, Windows inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ya aina ile ina sindano inayokimbia huku na huko kutafuta kila kipande. Piga Windows mpya juu ya diski hiyo hiyo: wiki ya kwanza utafurahi, mwezi wa pili utaniandikia tena.

Kabla ya yote, pima afya ya diski. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Ikiandika "Good" kwa buluu, endelea. Ikiandika "Caution" kwa njano, maana yake mara nyingi ni kwamba diski imeshaanza kupata madoa yasiyosomeka. Hapo hakuna cha Windows wala nini, ni kunakili vitu vya thamani kwanza, picha za baba zikiwa mbele ya foleni. Usiendeshe programu za "kusafisha" au "kurekebisha" diski ya namna hiyo. Kila dakika inayozunguka inajimaliza.

Halafu hili la Windows 11. Fungua Settings, System, About, usome namba ya prosesa. Kwenye 840 G3 utakuta kitu kama i5-6200U au i5-6300U. Hiyo 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, pamoja na masharti mengine kama kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine yako haimo. Fundi anaweza kuipitisha kwa mlango wa uani: programu kama Rufus hutengeneza flashi inayoruka ukaguzi huo, na mara nyingi mashine inawaka na kufanya kazi. Sikudanganyi kwamba haiwezekani. Lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine zilizoingia kwa njia hiyo, na toleo kubwa la mwaka linapotoka, mara nyingi itakubidi ulipandishe kwa mkono. Kama fundi hakukwambia hayo, mwulize kwa nini.

Windows 10 nayo muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika siku hiyo, ila viraka vya usalama vilikoma, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza unaoitwa ESU, ambao kwa watumiaji binafsi uliwekwa hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha humo humo kwenye Windows Update kwa akaunti ya Microsoft, na ukiruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi. Njia ya tatu ni Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows. Ni ya bure, nyepesi, na kwa mwanafunzi anayeandika na kusoma ningemwambia aichukue leo. Kwako wewe, mwenye kadi za harusi ambazo nadhani umezitengeneza kwa Publisher ya Microsoft, na wateja wanaoleta faili za Word zenye majedwali ya ajabu ajabu, utagombana na Mint kila asubuhi.

Ningekuwa mimi kwenye kiti chako ningefanya hivi. Ningenunua SSD ya GB 256 ya inchi 2.5 na kipande cha RAM cha DDR4 cha laptopu cha kufikisha GB 8. Mashine yako ina nafasi mbili za RAM. Diski ya zamani ningeichomoa na kuiweka pembeni *bila kuifuta*, kisha Windows 10 safi ningeisakinisha kwenye SSD tupu, nikajiunga na ESU, na huku nikijiwekea akiba ya mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu. Uzuri wake ni kwamba siku ya kazi hakuna swali la mapacha. Ndani ya mashine kuna diski moja tu, tupu, na hata mkono ukiteleza hakuna cha kupoteza. Diski ya zamani unaivalisha kasha la USB linalouzwa madukani, unaichomeka kama flashi, unatoa kimoja kimoja unachohitaji. Ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda la jina lako, bofya "Continue" na usubiri. Ni ulinzi wa kawaida wa akaunti ya zamani.

Onyo moja tu. Mashine nyingi zilizotumika zilitoka maofisini, na maofisini diski hufungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe. Diski iliyofungwa ukiichomoa itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status, usome mstari wa C na wa D kama ipo. Ikisema imefungwa, zima BitLocker kabisa na usubiri ifike asilimia sifuri kabla hujagusa bisibisi.

Je, kama pesa ya SSD haipo mwezi huu? Basi nunua au azima diski ya nje, nakili, hakikisha, ndipo ufute. Au usipige Windows kabisa kwa sasa: jiunge na ESU, ongeza RAM peke yake, punguza programu zinazojiwasha zenyewe. Hakuna sheria kwamba kompyuta nzito lazima ifutwe.

Hata ukichukua njia ya SSD, vile vya thamani vinakiliwe kwanza, maana diski ya zamani ina umri wake na ikidondoka sakafuni imekwisha. Flashi yako ya GB 16 haitoshi kwa kazi hii, tena tayari ina kazi nyingine. Programu ya Microsoft inayotengeneza flashi ya kusakinisha inataka GB 8 au zaidi na *inaifuta flashi nzima* kabla ya kuanza. Usije ukaweka picha za baba humo halafu fundi akaiomba. Tafuta diski ya nje au flashi kubwa, na upange muda: flashi ya kawaida ya USB 2 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itakula saa moja na dakika arobaini kwa kila GB 60. Tumia kunakili, usitumie kukata na kubandika. Umeme ukikatika katikati ya kukata, na betri za mashine hizi tunazijua, unaweza kubaki na nusu huku na nusu kule.

Vitu gani? Hapa ndipo watu hupotelewa, kwa sababu wanakumbuka Documents, Pictures na Desktop, basi. Wewe ni mtu wa steshenari, kwa hiyo nakuongezea vya kwako. *Fonti.* Zile za mapambo ulizopakua kwa ajili ya kadi za harusi haziko kwenye folda la kadi, ziko C:\Windows\Fonts au ndani ya akaunti yako, AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts. Usipozinakili, siku bibi harusi akirudi kuongeza kadi ishirini utafungua faili na kukuta majina yameandikwa kwa Arial, na jina la fonti hulikumbuki. *Nywila.* Kunakili folda la Chrome hakuleti nywila, kwa kuwa zimefungwa kwa akaunti ya Windows iliyopo sasa. Washa usawazishaji kwa akaunti ya Google, kisha ingia kwa simu uhakikishe unaziona. *Vikaratasi vya njano vya Sticky Notes.* Mmoja wa wateja wangu alikuwa ameandika madeni ya miezi minne humo, na hakuna aliyewaza kuwa ni data. Ingia kwa akaunti yako visawazishwe, au vinakili kwa mkono kwenye daftari, dakika kumi tu. *OneDrive.* Faili yenye alama ya wingu haipo kwenye diski yako, ni jina tu lililoning'inia, ipakue kwanza. Na kama unatumia programu ya hesabu, usitegemee kunakili folda lake, tengeneza nakala kwa kitufe cha programu yenyewe.

Kuna jambo la virusi pia. Kompyuta ya steshenari ni stendi ya mabasi: flashi za shule nzima zinapita hapo. Bila shaka umeshaona flashi ambayo mafolda yake yote yamegeuka njia za mkato zenye kimshale. Kirusi kile huwa hakili mafaili. Kinayaficha, kisha kinaweka kimshale chenye jina lile lile, ukibofya unakisambaza. Ukinakili mafolda ya namna hiyo kwa haraka, utahifadhi vimshale vya kilobaiti mbili mbili ukidhani umehifadhi picha. Kwa hiyo changanua kwa Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, kwanza, washa kuonekana kwa vilivyofichwa, na usibebe faili za .exe, .vbs wala .lnk kwenda nyumba mpya. Programu utazipakua upya.

Ukimaliza kunakili, bofya kulia kwenye folda la asili, chagua "Properties", andika idadi ya faili na ukubwa. Fanya hivyo kwa nakala. Namba zilingane. Kisha peleka nakala kwenye kompyuta ya jirani, fungua daftari la madeni ushuke hadi mstari wa mwisho, fungua picha tano za baba kutoka mafolda tofauti. Zile picha za msiba nataka ziwe sehemu tatu: kwenye diski hii, kwenye diski nyingine, na kwenye akaunti ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Duka likiibiwa, diski mbili zilizokaa droo moja zinaondoka pamoja.

Leseni isikunyime usingizi. Mashine nyingi za aina hii zina ufunguo wa Windows uliochomwa kiwandani kwenye ubao mama, na Windows 10 iliyowahi kuamilishwa kihalali hukumbukwa na Microsoft kwa mashine husika. Angalia sasa hivi Settings, Update & Security, Activation: imeamilishwa? Ni Home au Pro? Andika. Siku ya kusakinisha ikiuliza ufunguo, chagua kwamba huna, kisha chagua toleo lile lile uliloandika. Ukiunganisha intaneti itajiamilisha. Fundi akitoa kiprogramu cha "kuamilisha" na kukuambia uzime Defender kwanza, mkatalie. Mlinzi unayeambiwa umfukuze ili mgeni aingie, jiulize mgeni huyo anabeba nini.

Draiva, yaani programu zinazoiwezesha Windows kutumia kila kifaa: ingia tovuti ya HP, andika modeli yako, pakua draiva ya Wi-Fi na uiweke kwenye flashi ikishatengenezwa, isije ikafutwa, pamoja na ya printa yako kutoka kwa aliyeitengeneza. Mara nyingi Windows huitambua Wi-Fi yenyewe, lakini ikikataa, unabaki na kompyuta inayotaka intaneti ili ipate kitu cha kuipa intaneti. Njia ya kuokoka ni simu: ichomeke kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, uendelee. Faili ya kusakinisha ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo bando lake lipangie, na uipakue kwa Microsoft wenyewe. Windows iliyopitia mikono ya kikundi cha simu hujui imeongezwa nini.

Siku yenyewe, kaa na fundi. Kazi yote, bila masasisho, haizidi saa moja na nusu kwenye SSD, kwa hiyo siku mbili ni za nini? Mwambie kwa heshima kwamba utaleta kiti. Humo mna nakala za vitambulisho na picha za paspoti za wateja wako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamgusa hata mwenye steshenari. Chomoeni diski ya nje kabla ya kuanza, muwashe mashine mkibonyeza Esc kisha F9, mchague flashi, na mkifika kwenye ile skrini ya orodha, muone SSD moja tu iliyoandikwa "Unallocated Space". Bofyeni "Next" hapo hapo, Windows itajigawia yenyewe.

Kuna hali ambazo hazifai kumalizwa kwa maelezo yangu. Diski ikitoa mlio wa tik-tik au ikipotea na kurudi, zima mashine usiiwashe tena, ipeleke kwa mtu anayefanya kazi ya kurejesha data, si kwa anayepiga Windows. BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, ikidai nywila usiyoijua, rudi kwa aliyekuuzia. Na mkimaliza kusakinisha, mkaunganisha intaneti, halafu skrini ikakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kutaka barua pepe ya kazini, acheni hapo hapo. Mashine hiyo bado imeandikishwa kwa mwenyewe wa kwanza, na hilo ni la kumaliza na muuzaji ukiwa na risiti mkononi.

Diski ya zamani usiiuze pamoja na kasha, na usimwachie mtu kama "malipo ya ufundi". Ikae nyumbani miezi sita angalau, mpaka uwe umetafuta kila ulichowahi kukihitaji ukakipata. Bandika juu yake kipande cha selotepu, uandike kwa kalamu ya wino tarehe na neno USIFUTE.